Kipimo Kinachotaja Ukoo Bila Kutaja Jina
Mazungumzo na wananchi wa Ngaka, Wilaya ya Mbinga, kuhusu Mpox na vipimo vya kingamwili



Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya jambo moja: kipimo cha kuamini pale mtu anapotokwa na vipele na kuhofia kuwa ana Mpox.

Machi 10, 2025, Wizara ya Afya ilitangaza wagonjwa wawili wa kwanza waliothibitishwa nchini, na mmoja wao alikuwa dereva wa gari la mizigo. Mwezi uliofuata Malawi ilithibitisha wagonjwa wake, na Julai ikawa zamu ya Msumbiji, katika jimbo la Niassa. Nchi zote mbili tunapakana nazo kwenye Ziwa Nyasa, na malori ya makaa ya mawe hutoka hapa Ngaka kila siku kwenda mbali. Hofu yenu ina msingi. Lakini penye hofu, vipimo visivyofaa havikosi wanunuzi.

Kirusi cha Mpox kina ndugu zake. Wa karibu ni kirusi cha ndui, ugonjwa uliotangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980, na kirusi cha vaksinia, kilichotumika katika chanjo ya ndui. Mwili ukivamiwa na mmoja wao hutengeneza kingamwili, yaani walinzi wa kwenye damu. Kwa kuwa ndugu hawa wanafanana mno, mlinzi aliyezoea kumkamata mmoja humkamata na mwenzake. Ndiyo maana chanjo ya ndui humkinga mtu na Mpox kwa kiasi. Lakini kufanana huko huko kunakivuruga kipimo: kipimo cha kawaida cha kingamwili hutambua ukoo, kisiweze kumtaja aliyeingia.

Tuchukue mifano miwili. Bibi aliyechanjwa ndui utotoni anatokwa na vipele. Kingamwili za chanjo hudumu mwilini miaka mingi, hivyo kipimo kinaweza kusema “ndiyo” ilhali hajawahi kuugua Mpox. Majirani wanamkimbia, na ugonjwa wake halisi hautibiwi. Kijana dereva naye anapimwa siku ya pili ya vipele, kabla kingamwili hazijatosha kuonekana. Kipimo kinasema “hapana”. Anarudi nyumbani kwa amani na kuwaambukiza mkewe na watoto. Mmoja ametuhumiwa bure, mwingine ameachiwa bure.

Zipo maabara za utafiti zinazoweza kuchuja kingamwili za pamoja ili zibaki zile za kirusi kimoja. Aidha, kingamwili husaidia kujua ni watu wangapi katika jamii wamewahi kukutana na ukoo huu wa virusi. Hizo ni kazi za wataalamu, wala hazifanyiki kwenye kaunta ya duka la dawa.

Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba Mpox ithibitishwe kwa kipimo cha vinasaba, kiitwacho PCR. Mtaalamu husugua kipele kwa kijiti chenye pamba, au huchukua kigaga chake, na maabara husoma vinasaba vya kirusi chenyewe. Majibu hayatoki papo hapo. Wakati wa kusubiri, mgonjwa ajitenge, afunike vipele, na asichangie matandiko wala taulo na wengine.

Tuondoe pia mkanganyiko wa majina. Tetekuwanga husababishwa na kirusi cha ukoo mwingine kabisa. Ndui ya kuku mnayoiona mabandani ni ya tawi la mbali, na haiwaambukizi binadamu. Kwa macho peke yake, hata hivyo, tetekuwanga na Mpox huweza kufanana. Kwa hiyo msijipe majibu wenyewe.

Ndugu wananchi, mtumiaji ana haki ya kuuliza kabla ya kulipa. Tunawaomba mzingatie haya:

1. Uliza: kipimo hiki kinatafuta kingamwili au vinasaba? Sampuli yake ni damu au ni ya kipele?
2. Uliza kama kimesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.
3. Usinunue kipimo cha Mpox mnadani, kwa mchuuzi wala mtandaoni.
4. Dai risiti na utunze kasha la kipimo. Ni ushahidi wako ukitaka kulalamika.
5. Ukiwa na vipele, homa na tezi zilizovimba, nenda kituo cha afya, au piga simu namba 199 bila malipo.

Jibu la haraka lisilo sahihi ni ghali kuliko jibu la kweli linalosubiriwa. Fedha mtakayookoa ni yenu, na afya mtakayoilinda ni ya kaya zenu.