Turikumwe, Mbwa Wetu wa Bugarama

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wakazi wa kambi na wageni, Siku ya Wakimbizi Duniani)



Kamati imetuomba sisi wa familia moja tueleze kumbukumbu ya nyumbani. Waliotutangulia wamezungumzia mashamba, shule na makaburi ya wazazi. Sisi tutazungumzia mbwa. Msicheke kwanza, tusikilizeni.

Kwetu ni Bugarama, milimani juu ya Ziwa Tanganyika, katika sehemu iliyoingizwa kwenye mkoa mpya wa Rumonge mwaka 2015. Mchana unaliona ziwa chini, na ng'ambo milima ya Kongo. Usiku unaona taa za wavuvi wa ndagala, kama mji unaoelea. Tulilima mihogo na ndizi, tukafuga mbuzi wachache. Mbwa wetu alikuwa wa rangi ya udongo, sikio moja limekatika.

Baba alimpa jina Turikumwe, yaani "tuko pamoja". Lakini halikuwa jina la mapenzi. Tulikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba na jirani yetu, na Baba alitaka jirani ajue kwamba hatuko peke yetu. Kwetu mtu humwita mbwa kwa sauti ili mwingine asikie.

Mbwa mwenyewe hakuujua ugomvi huo. Alivuka mpaka kila siku akacheza na watoto wa jirani. Aliwasindikiza wetu kuchota maji. Mvua ikinyesha alijilaza karibu na jiko mpaka Mama amfukuze kwa mwiko, na Mama akigeuka alikuwa amekwisha kurudi. Siku aliyoiba ndagala tulizoanika, alilala mbele ya mlango kwa aibu mpaka jioni.

Mwezi wa Mei 2015, katika ghasia zilizofuata habari ya muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza, tuliondoka usiku. Turikumwe alitufuata mpaka ufukweni. Nahodha alisema, "Mbwa hapana." Alikuwa na haki, maana watu walikaliana mapajani. Mbwa aliingia majini mpaka kifuani, akasimama. Kitinda mimba wetu alitaka kumwita, tukamziba mdomo.

Wengi wenu mnaikumbuka Kagunga. Maelfu ya watu kwenye kipande cha ufukwe kati ya mlima na ziwa, na kipindupindu katikati yetu. Nani angethubutu kumlilia mbwa pale? Mitumbwi ilitupeleka kwenye meli ya Liemba iliyosimama mbali na ufuko, nayo ikatufikisha Kigoma, tukalala uwanjani, kisha Nyarugusu.

Siku ya kuandikishwa, karani aliuliza kama kuna aliyebaki nyumbani. Kitinda mimba akajibu upesi, "Turikumwe." Karani akaandika. "Umri?" "Miaka mitano." "Ni kaka yako?" "Hapana, ni mbwa." Foleni nzima ilicheka. Kilikuwa kicheko chetu cha kwanza tangu tuondoke. Yule karani hakukasirika. Alifuta jina polepole, akamwuliza mtoto mbwa huyo ana rangi gani.

Usiku ule mtoto alilia, na sisi wakubwa tukalia naye. Tulianza na mbwa, tukafika kwa wale waliotutoka Kagunga.

Miaka kadhaa baadaye tulipata habari kwa simu. Turikumwe alipanda mlima peke yake, akakuta nyumba imefungwa. Aliyemlisha ni yule jirani wa mpaka. Alikuwa akisimama uani jioni akiita "Turikumwe!" kwa sauti, jina lile lile lililowekwa ili limchome. Mbwa alipokufa kwa uzee, jirani alimzika chini ya migomba yetu, upande wetu. Siku hiyo mpaka aliupima vizuri.

Baba alikaa kimya muda mrefu aliposikia. Kisha akasema, "Nikimwona, nitaanza mimi kumsalimia."

Ndugu zetu, tuna maneno mawili tu. Kwa watumishi wa mashirika: mtoto akiwatajia mnyama aliyemwacha, muulizeni rangi yake kama alivyofanya yule karani. Huenda hilo ndilo neno la kwanza analoweza kulisema.

Kwa wakimbizi wenzetu: mara nyingi tunasema tunaishi kama mbwa. Tusiseme hivyo mbele ya watoto. Mbwa tuliyemfahamu alikuwa na jina, na alikuwa na mtu wa kumwita jioni. Nani atarudi na nani atakaa, kila mtu ataamua kwa hiari yake. Sisi tunajua tu kwamba kule mlimani yuko mtu ambaye hatuwezi tena kumwita adui.