Mali Bila Daftari: Maneno Juu ya Michezo ya Vijana Wetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Shauri lililo mezani ni fedha ya michezo ya vijana. Wako wenzetu watakao tununue kombe na jezi za timu mbili. Hatuna neno baya juu ya kombe, kwani chombo kizuri hupendeza macho. Lakini kabla sanduku la chama halijafunguliwa, twaomba swali moja lijibiwe: fedha hii itakapokwisha, mtoto atakuwa amepata nini ambacho leo hana?

Sisi ni makarani, na kazi yetu yatufundisha tofauti baina ya kilichotoka ghalani na kilichoota shambani. Kusema kwamba mipira 10 imenunuliwa na watoto 200 wamekusanyika uwanjani ni kutaja kilichotoka ghalani tu. Mavuno ni jambo jingine. Mavuno ni mtoto aliyefungwa mabao matano Jumamosi, naye Jumatatu akarudi mazoezini. Ni kijana aliyezoea kujibu kwa ngumi, ambaye sasa ajibu kwa maneno. Ni msichana aliyekuwa akikosa shule siku mbili kila juma, ambaye sasa hakosi. Huo ndio ustahimilivu tuutafutao. Maana yake si kwamba mtoto asianguke, bali akianguka ajue njia ya kuinuka.

Mchezo waweza kufundisha hayo, kwa kuwa ndani yake mtoto hushindwa pasipo kupotea. Hujifunza kutii filimbi hata inapomwumiza, hupata zamu ya kuongoza wenzake, na hupata mtu mzima amjuaye kwa jina, ambaye humwulizia siku asipoonekana. Lakini mpira peke yake hautoi mambo hayo. Mchezo ulioachwa ovyo hufundisha ugomvi, kamari, na kumdharau aliye dhaifu. Kwa hiyo hapana budi upangwe kwa kusudi.

Twaleta mfano wa Mathare, Nairobi. Mwaka wa 1987 Bob Munro, mtu wa Kanada, pamoja na vijana wa mtaa ule, walianzisha chama cha michezo kiitwacho Mathare Youth Sports Association. Taka zilikuwa zimejaa katika mitaro na vichochoro, na watoto wakiugua. Basi wakaweka sheria: timu itakayo kucheza katika ligi sharti isafishe mtaa wake. Ushindi wa mechi ulileta alama 3, na kazi ya usafi iliyokamilika ilileta alama 6, zote zikiandikwa katika hesabu ile ile ya ligi. Vijana waliojitolea kufundisha wadogo wao walipata alama zao pia, na alama hizo ziligeuzwa kuwa karo iliyolipwa shuleni. Mwaka wa 1992 wasichana nao waliingia uwanjani. Timu yao kubwa, Mathare United, iliundwa mwaka wa 1994, na mwaka wa 2008 ilitwaa ubingwa wa Kenya. Tazameni, kombe lilikuja, lakini lilikuja nyuma ya ufagio.

Mfano wa pili watoka mbali, katika Iceland, kisiwa cha baridi kaskazini mwa Ulaya. Twautaja kwa sababu ya hesabu yake. Mwaka wa 1998, katika kila vijana 100 wa miaka 15 na 16, 42 walikiri kwamba walilewa katika mwezi uliotangulia. Wakubwa wa nchi ile waliongeza michezo, muziki na sanaa baada ya saa za shule, na mji mkuu ukasaidia wazazi kulipa ada. Kisha wakaendelea kuwauliza vijana wenyewe kwa karatasi zisizo na majina, wapate kujua kama dawa inafanya kazi. Mwaka wa 2016 hesabu ile ilishuka hata 5. Haki yatupasa kusema kwamba michezo haikufanya kazi hiyo peke yake. Zilikuwako sheria juu ya pombe na juu ya watoto kutembea usiku, na wazazi waliwekeana ahadi. Lakini bila hesabu, nani angalijua?

Wengine watasema kwamba kuhesabu kutaua furaha, na kwamba mtoto ana haki ya kucheza tu. Neno hilo ni la kweli, nasi twalikubali. Mtoto na acheze. Daftari ni letu sisi wazee. Wengine watasema hatuna fedha. Lakini daftari na penseli hazitushindi, na ujuzi wa kuziandika ndio riziki yetu ya kila siku.

Basi shauri letu ni hili. Kombe lingoje mwaka mmoja. Fedha inunue mipira na daftari, na imlipie nauli mwalimu mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Mazoezi yawe baina ya kufungwa shule na kuchwa jua, saa zile mtoto asipokuwa na mtu. Daftari liandike mambo matatu: nani alihudhuria, nani alirudi baada ya kushindwa au kukosana na wenzake, na nani alitimiza zamu yake ya kazi. Mwalimu wa shule aombwe habari za mahudhurio darasani. Kila miezi mitatu hesabu isomwe katika mkutano huu, lakini majina ya watoto yasisomwe, asije mmoja akaaibishwa. Na aliye mgumu kuliko wote asifukuzwe, kwa maana huyo ndiye tuliyemfungulia sanduku.

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kama shilingi ipoteayo yatusumbua usingizi, si zaidi mtoto apoteaye? Twaomba shauri hili lipigiwe kura leo, na kitabu kifunguliwe Jumatatu.