Dakika na Alama: Jinsi ya Kuukabili Mtihani wa Uhasibu

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu mtihani unaowanyima usingizi vijana wengi wa Afrika Mashariki waliohamia hapa Johannesburg: mtihani wa kitaaluma wa uhasibu.

Wako wanaosomea vyeti vya ACCA, chama ambacho asili yake ni mjini London mwaka 1904. Wako wanaofuata njia ya SAICA, taasisi ya wahasibu ya Afrika Kusini. Huko nyumbani, wenzao hutahiniwa na NBAA nchini Tanzania, KASNEB nchini Kenya au ICPAU nchini Uganda. Wengi wao hufanya kazi mchana na kusoma usiku, na ada ya mtihani hutoka katika mshahara ule ule unaolipa kodi ya nyumba na kuwasaidia wazazi. Kupungukiwa na alama tatu tu ni kulipa upya, kungoja miezi mingine, na pengine kupitwa na cheo. Uzito wa cheti hiki nchini hapa una historia yake pia. Chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi, ilikuwa hadi mwaka 1976 ndipo Mwafrika mweusi wa kwanza, Wiseman Nkuhlu, alipofuzu kuwa mhasibu aliyeidhinishwa.

Ripoti ambazo watahini wa ACCA huzichapisha baada ya mitihani hurudia malalamiko yale yale: watahiniwa hawaugawi muda wao vizuri, na hawajibu swali lililoulizwa. Wengi wanaoshindwa wanalijua somo. Tatizo ni kwamba huingia katika chumba cha mtihani na tabia za ofisini.

Ofisini, mhasibu hodari haendi nyumbani mpaka hesabu zilingane. Akipungukiwa na shilingi kumi, huitafuta hata usiku uingie, na mwajiri humsifu. Katika mtihani, tabia hiyo njema hugeuka mtego. Pande mbili za mizania zikikataa kulingana, mtahiniwa hupekua kila mstari kwa dakika 20. Lakini msahihishaji hugawa alama hatua kwa hatua: hapa alama ya uchakavu, pale alama ya kodi. Kosa moja la mwanzoni hugharimu alama yake, na hatua zinazofuata huweza kupata alama zake iwapo njia ni sahihi na imeonyeshwa wazi. Kwa hiyo onyesha hesabu zako zote, kisha songa mbele.

Tufanye hesabu kidogo. Karatasi ya alama 100 kwa saa tatu humpa mtahiniwa dakika 180, yaani dakika 1.8 kwa kila alama. Swali la alama 25 lina haki ya dakika 45. Tuchukue mfano wa karatasi yenye maswali manne ya namna hiyo. Mtahiniwa wa kwanza anafuata saa yake, anapata 14, 13, 12 na 13: jumla 52. Wa pili anaganda kwenye swali la kwanza kwa dakika 75 ili alikamilishe. Anapata 17, kisha 13 na 12, lakini swali la mwisho limebakiwa na dakika 15 tu, na linampa alama 5. Jumla ni 47. Ikiwa alama ya kufaulu ni 50, kama ilivyo kwa ACCA, yule aliyejibu swali moja vizuri kuliko wote ndiye anayerudi kulipa ada. Alama za mwanzo za kila swali huwa nyepesi. Za mwisho ni ghali. Haba na haba hujaza kibaba.

Sisi watayarishaji wa redio tunaijua sheria hii: kipindi cha dakika 15 hukoma dakika ya 15, hata kama mgeni bado ana neno tamu. Mtahiniwa anahitaji ukali huo huo. Kabla ya kuanza swali, aandike saa ya kuliacha, na saa hiyo ikifika, aliache.

Jambo la pili ni kitenzi cha swali. Kueleza si kushauri. Tuseme mkurugenzi wa kampuni inayopanga maduka hataki madeni ya upangaji yaonekane kwenye mizania, na swali linasema: mshauri. Mtahiniwa aliyekariri huandika kurasa mbili juu ya kiwango cha kimataifa cha IFRS 16, kilichoanza kutumika Januari 2019. Aliyesoma swali humwambia mkurugenzi wazi kwamba mikataba hiyo lazima ionekane kama mali na kama deni pia, isipokuwa mikataba isiyozidi miezi 12 au ya vitu vya thamani ndogo, kisha hueleza hatua ya kuchukua. Soma kwanza kinachotakiwa, ndipo urudi kwenye maelezo marefu. Na kwa sisi ambao Kiingereza ni lugha ya pili au ya tatu, sentensi fupi inatosha. Msahihishaji hatafuti ufasaha wa mshairi.

Mwisho, mazoezi. Kusoma majibu ya mitihani iliyopita humpa mtu faraja bila kumpa ustadi. Funga vitabu, tega saa, andika karatasi nzima, kisha ujisahihishe bila huruma kwa mwongozo wa alama. Ikiwa mtihani wako hufanywa kwenye kompyuta, kama ilivyo kwa ACCA siku hizi, fanya mazoezi kwenye kompyuta pia.

Kwa wote mnaojiandaa, hapa Johannesburg, Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na kwingineko, nawatakia kila la heri. Na swali la mwisho msiliache tupu.