Fimbo ya Ng'ombe Si ya Mke

Mwalimu wenu ataandika ubaoni maneno matatu: kipigo, mila, sheria. Yasomeni kwa pamoja, kisha msikilize.

Somo la leo lahusu jambo linalofichwa nyumbani: mume kumpiga mkewe. Twasema nanyi mlio Karatu na Ngorongoro, Wairaqw, Wamasai, Wadatoga na Wahadzabe. Si kwamba kipigo kiko kwenu tu. Mijini nako kipo. Lakini kila mpigaji ana udhuru wake, na kwa wakulima na wafugaji udhuru unaosikika mara nyingi ni huu: "Ndiyo mila yetu." Leo tuupime udhuru huo.

Kwanza, kipigo. Katika uchunguzi wa afya wa nchi nzima wa mwaka 2015 na 2016, watu waliulizwa: Je, ni haki mume kumpiga mkewe akiunguza chakula, akibishana naye, akitoka bila kuaga, asipowatunza watoto, au akimnyima unyumba? Katika kila wanawake 100, 58 walikubali walau sababu moja. Katika kila wanaume 100, waliokubali ni 40. Umeona? Wanawake waliokubali ni wengi kuliko wanaume. Msichana akikua akiambiwa kwamba kipigo ni sehemu ya ndoa, siku akipigwa atatafuta kosa lake mwenyewe, naye atanyamaza.

Pili, mila. Mume husema, "Nilitoa ng'ombe." Ni kweli, alitoa. Lakini ng'ombe wa mahari huunganisha koo mbili. Hawanunui mwili wa mtu. Tena mila haimpi mume kila kitu. Wabarabaig, walio tawi la Wadatoga katika nchi ya Hanang, wana baraza la wanawake. Mtafiti George Klima aliandika habari zake katika kitabu cha mwaka 1970. Mwanamume akiwakosea wanawake, akina mama hukutana, humhukumu, na humtoza ng'ombe dume. Akikataa kulipa, huogopa laana yao. Basi asemaye kwamba kwa mila mwanamke hana sauti, hajaijua mila yote.

Tatu, sheria. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 chasema hivi: hata kama mila yasema vingine, hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Mume asimpige mke, wala mke asimpige mume. Sheria hiyo haikuwatenga wenye ng'ombe, wala wenye mashamba, wala wawindaji. Na kumjeruhi mtu ni kosa la jinai, hata akiwa ni mke wako.

Sasa ufanye nini? Ewe mama uliyepigwa, usikae peke yako. Mwambie mtu unayemwamini. Nenda kituo cha polisi, uulize Dawati la Jinsia na Watoto. Ukiwa na jeraha, polisi watakupa fomu nambari 3, uipeleke kwa mganga ili aandike alichokiona. Jeraha likiwa kubwa, okoa maisha kwanza. Ewe jirani, ukisikia kilio usiku, usiseme, "Ni mambo ya mtu na mkewe." Piga hodi. Ewe mzee wa boma au wa ukoo, mama akija kwako na uvimbe usoni, usimjibu "vumilia" tu. Mwite mume, umwulize mbele ya watu. Naye akimtishia mkewe maisha, usuluhishi wa wazee hautoshi; mpelekeni mama mahali pa salama.

Na wewe baba, mwanao wa kiume anakutazama. Atakayoyaona kwako leo ndiyo atakayoyafanya kesho nyumbani kwake.

Maswali ya mazungumzo:
1. Kwa nini mtu aliyepigwa hunyamaza?
2. Katika kabila lenu, akina mama walimkanyaje mume mkorofi?
3. Kifungu cha 66 chasemaje?

Andikeni daftarini: Fimbo ni ya kuchungia ng'ombe, si ya kumpigia mke.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.