Kwenu ni Wapi?

Napenda tutafakari pamoja juu ya swali fupi ambalo kila mmoja wetu ameulizwa, na kila mmoja wetu ameliuliza: Kwenu ni wapi?

Baba yangu alipofariki, wafanyakazi wenzangu walikuja kunipa pole. Walikuwa watu wema. Walichanga fedha, kisha mmoja akauliza, "Maiti itasafirishwa lini?" Nikamwambia haitasafirishwa, tutamzika hapa hapa Mombasa. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Hapa ni mjini tu. Kwenu kabisa ni wapi?" Nikanyamaza. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, nami sikuwa na jibu.

Nyanya yake baba aliletwa pwani hii akiwa mtoto, na manowari ya Kiingereza iliyomtoa katika jahazi la watumwa. Akakabidhiwa kwa wamisionari wa Frere Town, ng'ambo ya maji, upande wa Kisauni. Kijiji hicho kilianzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu kama yeye. Kilipewa jina la Sir Bartle Frere, ambaye mwaka 1872 alitumwa kwa Sultani Barghash wa Unguja kwa ajili ya mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Walikuwako Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengine. Kengele yao ndiyo iliyowafanya watu wapaite mahali pale Kengeleni. Nyanya huyo aliukumbuka mto wa kwao, lakini jina lake alikuwa amelisahau. Je, baba tungempeleka kwenye mto gani?

Jioni ile akaja jirani yetu wa Mji wa Kale, bibi mmoja Mwislamu aliyekuwa mkunga. Nilimweleza yaliyosemwa. Akanijibu, "Mwanangu, kitovu chako nalikizika kwa mkono wangu, chini ya ule mkungu. Na babako, ni nyumba gani mtaani humu hakuiandikia barua? Leo amekufa, ndipo aulizwe kwao?"

Maneno hayo yaliniinua. Siku ya maziko mtaa mzima ulikuja, wenye kanzu na wenye suti, na wazee wa msikitini wakasimama nje ya kanisa hadi jeneza lilipotoka.

Ndugu zangu, kisiwa ni mwalimu mzuri. Kuingia Mombasa ni lazima uvuke maji, kwa Makupa, kwa daraja la Nyali, au kwa feri ya Likoni. Hata wenyeji wa kale wa mji huu, wale wa Thenashara Taifa, baadhi yao hujulikana kwa majina ya mahali walikotoka: kuna Wapate, kuna Wafaza, kuna Wakilifi, kuna Wamtwapa. Hawakuyaficha majina hayo ili wawe watu wa Mombasa. Walikuja nayo, wakajenga, wakazika wazee wao, na mji ukawa wao.

Lakini sikuja hapa kujisifu. Miezi michache iliyopita kijana mmoja alijiunga na kwaya yetu. Nikamwuliza, "Kwenu wapi?" Akasema, "Hapa, Mzee. Nimezaliwa Tudor." Jina lake lilikuwa la bara. Nikacheka, nikasema, "La, kwenu kabisa!" Uso wake ukabadilika. Ndipo nikaisikia ile sauti iliyoniumiza mimi, sasa ikitoka kinywani mwangu mwenyewe. Jumapili iliyofuata hakuonekana. Ilinibidi nimtafute nyumbani kwao, nikae kwenye kigoda mbele ya mama yake, niombe radhi.

Maandiko yanatueleza kwamba Sara alipofariki, Ibrahimu hakuwa na mahali pa kumzika. Alisimama mbele ya Wahiti, akakiri kwamba yeye ni mgeni kwao, akalinunua pango la Makpela kwa shekeli 400 za fedha. Mtu yule alikuwa ameahidiwa nchi nzima, na kipande cha kwanza alichokimiliki kilikuwa kaburi. Tangu siku ile nchi ikawa yake kwa namna mpya, kwa kuwa alimlaza humo ampendaye.

Nami nikisimama leo pale Bandari ya Kale, nikinusa kahawa na chumvi, nikitazama ng'ambo ile nyanya alikoshushwa, siulizi tena jina la mto. Si kwamba nimemsahau. Mungu anaujua mto ule, nayo yatosha. Mimi nimepewa kisiwa hiki, na majirani walionizika kitovu na kumsindikiza baba yangu. Deni langu ni kuwapokea wengine kama tulivyopokewa sisi.

Basi, ndugu msikilizaji, juma hili ukikutana na mtu usiyemfahamu, mwulize kwanza jina lake. Mkaribishe kiti. Akitaka kukueleza alikotoka, atakueleza mwenyewe. Na akikwambia kwao ni hapa, mwitikie, "Karibu, jirani."