SOMO LA REDIO: MOTO WA NYUMBANI

Leo tutajifunza neno moja: NISHATI. Mwalimu, tafadhali liandike ubaoni. Nishati ni nguvu ya kufanya kazi, kama vile kuwasha taa, kupika na kuendesha mashine.

Je, mtu anayeomba moto kwa jirani kila jioni yuko salama? La. Siku jirani akifunga mlango, watoto watalala na njaa. Nchi nayo ni vivyo hivyo.

Mwaka 1973 kulitokea vita Mashariki ya Kati. Nchi zilizouza mafuta zikapunguza kuyatoa, na baada ya miezi michache bei ikapanda karibu mara nne. Kenya haikupigana vita hivyo, lakini iliumia, kwa kuwa mafuta yake yote yalitoka ng'ambo.

Basi Serikali ikakaza juhudi za kutafuta moto wa nyumbani. Karibu na Naivasha, mahali paitwapo Olkaria, mvuke hutoka ardhini. Visima vilichimbwa, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza ukaanza kutoa umeme. Chini sana ardhini mawe yana moto, na maji yaliyomo huwa mvuke. Mvuke huo hupanda kwa nguvu na kuzungusha mtambo.

Miaka ya 1999 na 2000 mvua zilikosekana. Mabwawa yakapungua maji, na umeme ukatolewa kwa zamu. Lakini mvuke haungoji mvua. Mwaka 2008 Serikali iliunda kampuni yake ya kuchimba visima, kwa maana kisima ni ghali na huenda kisitoe mvuke. Wafanyabiashara huogopa hasara hiyo. Leo zaidi ya theluthi moja ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke.

Tena, mtambo huu hutoa hewa ya ukaa kidogo sana kuliko mtambo wa dizeli. Hewa hiyo huzidisha joto la dunia na kuvuruga mvua. Kwa hiyo, kinacholinda nchi hulinda na shamba lako pia.

Lakini faida ina gharama. Mwaka 2014 familia za Kimaasai zilihamishwa kupisha mitambo, na baadhi yao walilalamika. Mwananchi ana haki ya kuuliza: nani amepata mwanga, na nani amepoteza malisho?

Sasa jibuni katika madaftari yenu:
1. Nishati ni nini?
2. Kwa nini Kenya iliumia mwaka 1973?
3. Nyumbani kwako moto hutoka wapi, na ukikosekana utafanya nini?

Someaneni majibu yenu. Kwaherini.