Kanuni za wanafunzi ziandikwe wanafunzi wakiwa mezani (maneno tuliyosema Murara)

  Tunajua wengi wamekuja kwa miguu, na wengine wameacha biashara zao kwa saa hizi mbili.

Mbele ya yote, tujitambulishe. Sisi tunaosema hapa tuko vijana wenye diploma ya inivasite, na hatuna kazi. Tunatembeza CV ofisi kwa ofisi, jioni tunarudi nazo. Mtu atauliza: ninyi mumekwisha maliza, kanuni za wanafunzi zinawahusu nini tena? Zinatuhusu juu ya mwenzetu mumoja ambaye hakumaliza.

Tulikuwa naye promosio moja, katika chuo kimoja cha mji huu. Jina la chuo tunaliacha, juu hatukuja kushitaki mtu, na juu jambo hili linaweza kutokea popote. Alikuwa CP wetu. Mama yake anauza sambaza ku soko ya Virunga. Siku moja tukaambiwa kwamba asiyenunua silabusi hataingia mtihani. CP akaandika barua ya mistari sita, kwa heshima, akiuliza: sheria hiyo imeandikwa wapi? Kisha siku tatu, karatasi ikabandikwa: amesimamishwa mwaka mzima kwa utovu wa nidhamu. Akakimbia kwa apariteri kuuliza kosa lake. Jibu lilikuwa: «Jina lako iko ku valve, rudia nyumbani.» Hakuna mutu alimuuliza hata neno moja. Mwaka uliofuata, pesa ya minervale ilikuwa imekwenda kwa wadogo wake. Leo yeye ni motari. Kati ya diploma yetu na maisha yake kuna karatasi moja tu ya valve.

Na sisi wengine tulifanya nini? Tulisoma ile karatasi, tukatikisa kichwa, tukanunua silabusi. Tunasema hivyo bila kujificha.

Baadaye ndipo tukatafuta kanuni za ndani, zile tunaita ROI. Siku ya kujiandikisha wote tuliweka saini chini ya maneno haya: nimesoma kanuni za ndani, ninazikubali. Katika promosio yetu hakuna hata mumoja aliyekuwa amezisoma. Tulisaini kitu hatujaona. Nakala tuliyoipata kwa shida, kwa mufinalisti wa zamani, ilikuwa fotokopi ya fotokopi. Ilisema «utovu wa nidhamu» ni kosa, lakini haikusema utovu wa nidhamu ni nini. Ilisema mwanafunzi anaweza kufukuzwa, lakini haikusema nani anamusikiliza mbele ya kumufukuza.

Ndugu zetu, hatusemi kwamba kanuni ni mbaya. Chuo bila kanuni ni soko bila njia. Tunajua wanafunzi wanaoiba mtihani. Tunajua wale wanaotesa ma-bleu, watoto waliotoka tu sekondari, na kusema ni mila ya chuo. Tunajua wanaovunja viti ambavyo mudogo wao angekalia kesho. Wote hao waadhibiwe. Lakini kuadhibu ni kitu kimoja, kunyamazisha ni kitu kingine. Kanuni ambayo haionekani inamusaidia tu yule anayeishika mkononi.

Nchi yetu imekwisha lipa bei ya mambo haya. Mwaka 1964, ku Lovanium, Kinshasa, wanafunzi waligoma wakidai kuwa na nafasi katika uongozi wa chuo chao. Tarehe 4 Juni 1969 waliandamana, askari wakawapiga risasi, vijana wakafa. Mwaka 1971 walipotaka kuwakumbuka wafu wao, Mobutu akawaingiza wanafunzi wa Lovanium katika jeshi kwa nguvu, na mwaka uleule vyuo vikuu vyote vikaunganishwa kuwa chuo kimoja mikononi mwa serikali, UNAZA. Wanafunzi walikuwa wameomba kiti mezani, wakapewa buti za jeshi.

Musiseme ni mambo ya zamani. Januari 2020, wanafunzi wa UNIKIN waliandamana juu ya kupandishwa kwa pesa ya masomo. Kukawa fujo, watu wakafa. Masomo yakasimamishwa, na wote waliokaa katika mabweni wakaambiwa watoke kwa saa 48. Wote: aliyetupa jiwe na aliyekuwa chumbani akisoma. Hiyo ndiyo adhabu ya jumla, na inakuja pale ambapo hakuna njia iliyoandikwa ya kutafuta nani alifanya nini.

Wengine wanatuambia: «Hapa Kivu ya Kaskazini utawala wa kijeshi ulianza tarehe 6 Mei 2021, si wakati wa kudai mambo ya haki.» Tuwajibu na Katiba yenyewe, ile ya tarehe 18 Februari 2006. Kifungu cha 61 kinataja haki ambazo hakuna mtu anaweza kuzigusa hata kama hali ya dharura imetangazwa. Kati ya hizo kuna haki ya kujitetea na haki ya kukata rufaa. Ni kweli, Katiba inafikiria hasa kesi za tribinali. Lakini sisi tunauliza: kama mwizi wa kuku anasikilizwa mbele ya kuhukumiwa, hata wakati wa vita, kwa nini mwanafunzi apoteze mwaka bila kusikilizwa?

Na si ndoto. Majirani wetu wa Kenya wameandika katika Katiba yao ya 2010, kifungu cha 47, kwamba mtu ambaye haki yake imeguswa na uamuzi wa ofisi lazima apewe sababu kwa maandishi. Mwaka 2015 wakatunga sheria nzima juu ya jambo hilo. Vyuo vyao havikuanguka.

Kuna kitu kingine. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 inchi yetu imeingia katika mfumo wa LMD. Masomo yamebadilishwa, miaka imehesabiwa upya, walimu wameombwa wafundishe kwa njia mpya. Basi kama programu ya masomo inaweza kukaguliwa, kanuni za tabia nazo zinaweza. Ile fotokopi yetu bado inaongea juu ya gradua, na simu haiitaji hata mara moja! Siku hizi mwanafunzi anaweza kuitwa juu ya neno aliloandika katika grupu ya WhatsApp ya promosio. Kosa ni lipi, mpaka ni wapi? Tuliposoma sisi, hakuna karatasi ilisema.

Kwa hiyo tunaomba vyuo vyote vya Goma, vya serikali na vya binafsi, mambo haya sita:

1. Kila mwanafunzi apewe kanuni mkononi siku ya kujiandikisha, mbele ya kusaini, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, ili na mzazi anayelipa azielewe. Nakala ikae ku valve mwaka mzima.

2. Kila kosa liandikwe pamoja na adhabu yake. Kuchelewa si sawa na kuiba mtihani. Kuuliza kwa barua si kosa.

3. Anayeshitakiwa apate barua inayosema alifanya nini, siku gani. Apewe siku za kujibu, na aweze kuja na mtu wa kumusimamia. Yule anayemushitaki asikae kati ya wanaomuhukumu.

4. Kuwe na rufaa. Wakati rufaa inangoja jibu, mwanafunzi aingie mtihani. Mtu akionekana hana kosa, nani atamurudishia mwaka?

5. Kanuni zifunge pande zote mbili. Mwalimu anayeuza pointi, anayelazimisha silabusi, anayemusumbua musichana ili amupitishe, naye awe na ukurasa wake. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya ubakaji na unyanyasaji wa kijinsia inaadhibu usumbufu wa namna hiyo, na haikuacha nje lango la chuo.

6. Kanuni zikaguliwe kila mwaka, na wajumbe waliochaguliwa na wanafunzi wakae mezani, wasichana kwa wavulana. Maandishi mapya yabandikwe mbele ya kupitishwa, ili kila mutu atoe maoni.

Na ninyi wanafunzi, tuko na neno kwenu pia. Wakati wetu, siku ya kuchagua delege, nusu ya promosio ilikuwa inakula benye. Mara moja kulibandikwa tangazo la kuomba mawazo juu ya uniforme. Tulipita mbele yake wiki nzima, kisha uniforme ilipokuja tukalalamika. Kiti mezani mutu haletewi nyumbani. Na ukishakipata, siku ile mwenzako ameiba mtihani, utapaswa kusema ameiba, hata kama ni rafiki yako. Bila hivyo wataturudishia lile neno lao: wanafunzi ni watoto.

Tusitoke hapa na makofi tu. Jumatatu, kila promosio iandike barua fupi kwa apariteri: tunaomba nakala ya kanuni za ndani. Heshima mwanzo, heshima mwisho. Muende wawili ao watatu, musiende mumoja. Muombe wapige kashe kwenye nakala yenu, muichunge. Wakiwapa, musome pamoja, mupige mustari chini ya kila neno lisiloeleweka. Wakikataa, barua yenye kashe ndiyo mwanzo wa kazi. Hakuna jiwe, hakuna tairi ya kuchoma. Ni kuuliza tu, lakini kuuliza tukiwa wengi.

CP wetu aliuliza peke yake. Ndiyo sababu karatasi moja ilitosha kumuondoa. Juzi alimubeba mumoja wetu kutoka Birere mpaka hapa Murara, akakataa pesa. Akauliza tu: «Bado munatafuta wapi imeandikwa?»

Ndiyo, bado tunatafuta. Na kama haijaandikwa, tutakaa mezani tuiandike pamoja nao.